Kuonja tumbaku ya kiko ya kuchanganya: mwongozo kamili kuanzia kopo mpaka majivu

Kuna kitu kinaniuma muda mrefu. Mtu ananunua kopo la tumbaku nzuri ya kiko, hela nyingi, anafika nyumbani anashindilia, anawasha, anavuta vile anavuta sigara, dakika kumi tu ulimi unawaka moto, kiko kimeloa mate, alafu anakuja kusema hizi tumbaku zote ni moshi tu hamna tofauti yoyote. Tofauti ipo na ni kubwa, kama tofauti ya chai ya rangi na kahawa ya kibao, ila inajificha ukiwa na haraka.

Mimi nimekulia Urambo, Tabora, kule ambako Waingereza walikuja na ule mradi wao wa karanga baada ya vita kuu ya pili ukawafia mikononi, baadae tumbaku ndo ikashika. Babu yangu alikuwa na mabani mawili, yaani vijumba vya kukaushia tumbaku, nyuma ya nyumba. Msimu wa kukausha alikuwa analala nje pembeni ya tanuri na blanketi lake, kila baada ya muda anaamka anaangalia moto, na kitu alichokuwa anatugombeza kila siku ni kimoja, msiongeze kuni. Siku za mwanzo bani inatakiwa joto dogo tu, nyuzi 35 mpaka 40 hivi, ili jani libaki hai kidogo na wanga wake ugeuke sukari huku rangi inahama kutoka kijani kwenda njano. Ukikimbiza moto jani linakufa likiwa kijani, na sukari hamna tena, umeshaharibu. Ndo baadae joto linapandishwa polepole mpaka nyuzi 70 na kitu ili mti wa katikati ya jani nao ukauke. Nakwambia haya mapema kwasababu kwenye kiko ni hivyo hivyo, ladha iko kwenye moto mdogo, na karibu kila hatua hapa chini inarudi hapohapo.

Kabla hatujaenda mbali: hii ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta kiko. Kama huvuti, usianze kwasababu ya uandishi wangu. Kiko kinaleta saratani ya mdomo, ya koo na hata ya mapafu, na kutokumeza moshi hakukuokoi, nikotini na sumu nyingine zinapita kwenye ngozi ya mdomo vilevile. Usivute ndani ya nyumba yenye watoto au mjamzito, na hadharani kuna sheria, Tanzania ipo ya mwaka 2003 na Kenya ipo ya mwaka 2007. Na nusu ya raha ninayoieleza hapa ni ya pua, haihitaji hata kiberiti.

Hatua ya kwanza: jua jani moja moja

Blendi, yaani mchanganyiko wa majani tofauti, ni kama pilau. Ukila pilau ya mpishi anayejua husemi "nasikia viungo", unasema hiki mdalasini, ile pale iliki, bizari nyembamba imezidi kidogo. Unaweza kusema hivyo kwasababu kila kiungo ulishawahi kukinusa peke yake jikoni kwa mama. Tumbaku ni vilevile, huwezi kulitambua jani kama Perique ndani ya mchanganyiko kama hujawahi kukutana nalo. Kwahiyo hapa tutakaa kidogo.

Virginia ndo wali wa pilau yetu, iko karibu kwenye kila blendi. Kwetu wakulima wanaiita tumbaku ya mvuke, inakaushwa kwenye bani lenye mabomba ya joto na moshi wa kuni haugusi jani kabisa. Kwa wanaoisimulia historia yake, mwaka 1839 huko Caswell, North Carolina, kijana mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa analinda moto wa bani, usingizi ukampitia, kushtuka moto unazimika, akakimbilia makaa ya mhunzi akayatupia, na lile joto kali lisilo na moshi likatoa majani ya njano ya kung'aa ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Virginia ya njano inanukia majani makavu ya asubuhi, maganda ya ndimu, na utamu wa mbali. Ile nyekundu iliyokomaa zaidi ni mkate unaotoka kwenye tanuri, asali nyeusi, wakati mwingine kama nyanya iliyokaangwa ikaanza kushika sufuria. Ina sukari nyingi, na hiyo sukari ndo inayoungua haraka na kuchoma ulimi wa mwenye pupa.

Burley, tumbaku ya hewa, inaning'inizwa kwenye banda la wazi na kukaushwa na upepo tu, wiki kadhaa. Majirani zetu Malawi wanajulikana dunia nzima kwa hii. Sukari yake ni kidogo sana, nikotini iko juu, na ladha yake ni karanga za kukaanga bila chumvi, na kakao isiyo na sukari. Jani lake lina vitundu vingi kama sponji hivyo linanyonya chochote unacholimwagia, ndo maana tumbaku nyingi za vanila na cheri zimejengwa juu ya Burley.

Oriental, hivi ni vijani vidogo vya Uturuki, Ugiriki na nchi za Balkan, vinaanikwa juani. Harufu yake ni maua makavu, ngozi ya kiatu kipya, na ugwadu kidogo kama siki iliyo chumba cha pili. Wakati mwingine nasikia kama udi kwa mbali. Haina nguvu ila inafanya majani mengine yaongee.

Sasa Latakia. Hii ndo inayogawa watu, nusu wanakimbia nusu hawatoki tena. Jina ni la bandari ya Syria lakini siku hizi inatoka Cyprus. Ni jani la aina ya Oriental ambalo likishakauka linaning'inizwa ndani ya banda na kufukizwa moshi wa miti yenye harufu kwa muda mrefu mpaka linakuwa jeusi tititi. Mara ya kwanza nafungua kopo lenye Latakia nilisimama. Ilikuwa ni kibuyu. Kile kibuyu cha maziwa mgando ambacho mama mwenye nyumba amekifukiza kwa kijinga cha mti kabla ya kumimina maziwa, ukisogeza pua mdomoni mwa kibuyu unasikia moshi mtamu, ngozi, na kitu cha uchachu nyuma yake. Wengine watakwambia ni samaki wa moshi, wengine kijiwe cha moto wa kambi baada ya mvua, wote wako sahihi. Na kitu ambacho watu hawaamini ni kwamba Latakia pamoja na harufu yake yote ile haina nikotini nyingi, ni kelele zaidi kuliko ngumi.

Perique inatoka sehemu moja ndogo tu, St. James Parish huko Louisiana Marekani. Majani yanashindiliwa kwenye mapipa ya wiski, yanabanwa kwa jeki yakae kwenye maji yake yenyewe, yanatolewa yanapigwa hewa na kurudishwa, hivyo hivyo kama mwaka mzima mpaka yanachacha. Ladha yake: ukwaju, tende zilizozeeka, pilipili manga, achari. Hii inawekwa kidogo kama pilipili kwenye mchuzi, mara nyingi sehemu 5 mpaka 10 kwa mia inatosha, na utaisikia zaidi puani kuliko ulimini.

Tumbaku ya moshi, ambayo kwenye makopo ya kiko mara nyingi inaitwa Kentucky na kwetu inalimwa Songea na Namtumbo, inakaushwa kwa moshi wa kuni moja kwa moja. Usiichanganye na Latakia. Hii ni nzito, ina nguvu kweli, ladha yake iko upande wa nyama choma na udongo mkavu, na mtu asiyezoea anapata kizunguzungu.

Alafu kuna Cavendish, hii siyo jani ni namna ya kutengeneza, wanachukua Virginia au Burley wanaipiga mvuke na kuibana mpaka inakuwa nyeusi laini tamu. Mara nyingi inaongezewa vanila au karameli. Ukiona kopo linanukia keki basi ni hii.

Hatua ya pili: anza na nne, siyo kumi na nne

Watu wanaagiza makopo kumi kwa mpigo, wiki moja kila kitu kimechanganyika kichwani. Chukua nne za tabia tofauti ukae nazo mwezi mzima. Moja iwe Virginia tupu, mfano Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, hao wako Kendal Uingereza tangu 1792. Ya pili iwe Virginia na Perique, Escudo ni mwalimu mzuri sana hapo, imekatwa kama sarafu, unaweza kukaa na sarafu moja kiganjani ukaona kabisa majani yalivyojiviringisha. Ya tatu Burley, Prince Albert ipo tangu 1907 na bei yake ya kibinadamu. Ya nne yenye Latakia, ile nyepesi Early Morning Pipe, baadae ukizoea ndo uende Nightcap ambayo ndani yake kuna Latakia, Oriental, Virginia na Perique zote pamoja, yaani mtihani wa mwisho. Hizi mbili zamani zilikuwa za Dunhill, sasa zinaitwa Peterson.

Huku kwetu kupata makopo haya siyo rahisi, wengi tunasubiri mtu anayetoka Dubai au London, kwahiyo kama umepata mbili tu basi chukua Virginia tupu na yenye Latakia. Hizo mbili ziko mbali kabisa, ulimi utaziona hata kama bado mgeni.

Kiko chenyewe

Sitakaa sana hapa. Cha kuonjea kisiwe na historia. Kiko cha mbao ya briari kinakumbuka, ukivutia Latakia mara ishirini alafu ukaweka Virginia ya ndimu utasikia Latakia inakusalimia kutoka kwenye kuta. Kwahiyo ama uwe na vitatu vinne kila kimoja na ukoo wake wa tumbaku, ama utumie kiko cha gunzi la mahindi, cha bei ndogo, Missouri Meerschaum wanavitengeneza tangu 1869 na vinavuta kikavu vizuri. Au mirishamu, lile jiwe jeupe jepesi, halikai na harufu ya jana.

Na hili la mirishamu ni letu pia jamani. Mbali na Uturuki, jiwe hilo lilichimbwa huku kwetu upande wa Amboseli, na Arusha kulikuwa na kiwanda kinachochonga viko, vikauzwa nje ya nchi kwa jina la "Kiko" na alama ya tembo. Vingine walivivisha ngozi. Wazungu wanavikusanya mpaka leo. Ukikuta kimoja kwenye droo ya mzee yeyote Arusha au Moshi usikidharau, kiombe kwa adabu.

Hatua ya tatu: nusa kabla hujawasha

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye mali nyingi. Fungua kopo, usichomeke pua haraka. Liache dakika moja, kopo lililofungwa miaka miwili lina hewa ya uchachu inayotoka kwanza kama pombe au siki, hiyo siyo tumbaku yenyewe. Ikishapita ndo sogea. Nusa kifupi mara tatu kama unavyonusa embe sokoni, siyo kuvuta pumzi ndefu, pua inachoka haraka ukiilazimisha.

Alafu toa kidogo weka kwenye sahani nyeupe. Angalia rangi, tenganisha kwa ncha ya kisu. Njano na chungwa ni Virginia, kahawia ya udongo Burley, vijani vidogo vya kijani-njano Oriental, nyeusi inayong'aa kwa mafuta inaweza kuwa Perique au Cavendish, nyeusi kavu isiyong'aa mara nyingi ni Latakia. Chukua kipande kimoja cha kila rangi, kisugue kati ya vidole, kinuse peke yake. Nimewahi kukaa nusu saa nzima na sahani tu, sijawasha kitu, na siku hiyo nilijifunza kuliko wiki nzima ya kuvuta.

Nuse pia ikiwa baridi alafu ikiwa imepata joto la kiganja. Virginia inabadilika sana hapo, baridi ni majani makavu, ikipata joto asali inatoka.

Hatua ya nne: ikaushe, na usiogope

Tumbaku nyingi zinatoka koponi zimeloa mno. Ukiwasha ikiwa hivyo kinachokuja mdomoni siyo ladha ni mvuke, na mvuke ndo unaochoma ulimi. Chukua mfinyo bana kwa vidole viwili uachie. Ikibaki imeshikana kama ugali bado, ikivunjika unga imepitiliza, ikifunguka yenyewe polepole kama inajinyoosha basi hapo ndo penyewe. Kwa Tabora kiangazi dakika 15 kwenye karatasi zinatosha. Kwa Dar, Mombasa, Unguja na unyevu ule wa baharini unaweza kuiacha saa nzima na zaidi. Kama ni ya vipande bapa, zile fleki, ichambue kwanza kwa vidole mpaka iwe nyuzi, mgeni asianze kukunja fleki nzima kwenye kiko inasumbua kuwaka.

Hatua ya tano: kujaza na kuwasha

Kuna kanuni ya wazee wa kiko, ya mikono mitatu. Safu ya kwanza idondoshe na uibonyeze kwa mkono wa mtoto, yaani karibu usiibonyeze. Ya pili mkono wa mama. Ya tatu mkono wa baba. Kila safu ukimaliza vuta hewa bila moto, inatakiwa uzito kidogo kama unanyonya soda kwa mrija, siyo kama unanyonya uji. Ikiwa nzito mwaga uanze upya, usijidanganye itafunguka mbele, haifunguki.

Na hapo hapo kabla ya kiberiti vuta ile hewa baridi uionje. Tumbaku ikiwa kavu na baridi ndani ya kiko inatoa ladha yake ya kwanza bila moto kabisa. Iandike.

Kiberiti cha mti, siyo cha mafuta. Acha kichwa cha kiberiti kiungue kwanza hiyo salfa iishe, alafu zungusha mwali juu ya tumbaku bila kugusa huku unavuta kidogo kidogo. Tumbaku itavimba na kuinuka, itakuwa nyeusi juu, alafu itazimika. Sawa kabisa, huo ni moto wa uongo. Bonyeza taratibu kwa kijiti chako cha kushindilia isawazike, washa mara ya pili. Hapo ndo safari imeanza.

Hatua ya sita: kuonja kwenyewe

Usivute, nywa. Sijui niseme vipi vingine. Fikiria kahawa ya kibao iliyotoka kwenye dele sasa hivi, kale kakikombe kadogo, unavyoifyonza kidogo kwenye ncha ya midomo ili usiungue. Ni hivyo. Moshi kidogo sana uingie mdomoni, ukae, uuzungushe kama unasukutua, uutoe. Usimeze kwenye mapafu. Kiko kimoja cha kawaida kinaweza kwenda dakika 45 mpaka saa nzima, kama unamaliza kwa dakika 15 wewe unapika siyo unaonja.

Kipimo changu cha moto: shika kichwa cha kiko uweke shavuni. Kama huwezi kukiacha hapo ukahesabu mpaka tano, weka mezani upumzike. Kikizimika kizimike, kuwasha tena siyo aibu hata kidogo, na mara nyingi ile pafu ya kwanza baada ya kuwasha tena ndo yenye utamu kuliko zote.

Sasa kuna mambo manne ya kusikiliza na mimi huwa nayafuata hivi. Kwanza utamu, upo au hamna. Pili ugwadu, chachu. Tatu ukakasi, ule wa ndizi mbichi au korosho, unaobana mashavu, Burley na Oriental huwa wanao kidogo na ni mzuri kama kidogo. Nne kinachobaki ukishatoa moshi, hesabu sekunde, Virginia nzuri inaacha mdomo kama umetoka kula kipande cha mkate na asali.

Alafu puani. Hili ndo lililonifungulia mimi mlango baada ya muda mrefu wa kudhani nina ulimi mbovu. Moshi ukiwa mdomoni, koo limefungwa, sukuma kidogo tu, robo ya ule moshi, utokee puani wakati unatoa pumzi, na mwingine utoe mdomoni kawaida. Ulimi unajua tamu, chungu, chumvi, chachu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama wanayoiita umami, basi, vingine karibu vyote unavyoita ladha ni pua ndo inafanya kazi. Mara ya kwanza itawasha na machozi yatatoka, usilazimishe, anza na kiko kikiwa katikati kimetulia. Perique utaijua hapa, inachoma puani kama umefunua kopo la pilipili manga. Latakia puani haichomi, inafukiza.

Ugawe muda wa kiko mara tatu. Theluthi ya kwanza harufu za juu, ndimu, maua, na kama kuna vanila au kitu kimeongezwa utakisikia hapa alafu kitapotea. Katikati ndo blendi inaongea kwa pamoja, hapa usichambue sana, iache tu. Ya mwisho mafuta na nikotini vimeshuka chini, ladha inakuwa nzito, nyeusi, na kama ulikuwa na haraka huko juu utapata uchungu na majimaji. Kama uchungu umezidi acha, hakuna zawadi kwa kumaliza.

Ukianza kupata kwikwi au jasho jembamba au tumbo linageuka, hiyo ni nikotini. Weka kiko chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari, soda au chai, na siku nyingine usivute kabla ya kula.

Pembeni uwe na maji, au chai ya rangi bila sukari. Chai ya maziwa yenye tangawizi naipenda sana lakini siyo siku ya kuonja, inafunika kila kitu.

Hatua ya saba: daftari

Usiniambie utakumbuka. Huwezi. Andika tarehe, jina, kiko gani, uliikausha dakika ngapi, na maneno yako mwenyewe siyo ya kwenye kopo. Ukisoma kwenye kopo "matunda meusi na viungo" utayasikia hata kama hayapo. Tumia vitu vya nyumbani kwako. Mfano huu nimeutoa kwenye daftari langu kama ulivyo:

"Escudo, gunzi, kavu dk 40. Kopo: zabibu kavu, siki kidogo. Baridi: mkate wa kumimina ulioanza kuchacha. Juu: utamu wa ndimu hautulii. Katikati: UKWAJU. Puani pilipili, inakuja alafu inaondoka yenyewe. Nilivuta haraka simu ilipoita, ikachungua, nikaacha dk 5, ikarudi. Chini: tende."

Ona hilo neno ukwaju nimeliandika kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimevuta tumbaku ile mara sita kabla sijalipata, na nilivyolipata nikalisikia kila mara baada ya hapo. Neno likipatikana ladha inakaa. Ndo maana nasisitiza maneno ya kwenu, kama wewe ni wa Pemba andika karafuu ukisikia karafuu, kama ni wa Bukoba na ukasikia lubisi andika lubisi, usiandike beri ambalo hujawahi kulila.

Njia nzuri ya kujipima: muombe rafiki yako akujazie kiko bila kukwambia ni ipi kati ya zile nne. Andika alafu mfungue kopo. Utakosea, mimi bado nakosea.

Baada ya kuvuta

Usikitenganishe kikiwa cha moto, shingo itavunjika au italegea. Kikipoa mwaga majivu, pitisha kijiti cha kusafishia, kipumzishe siku nzima kikauke. Ule mkaa unaojengeka kwenye kuta za ndani ni mzuri kwa kiko cha mbao ila usizidi unene wa sarafu, ukizidi unapasua mbao. Kiko kichafu kinatoa ladha moja tu kwa tumbaku zote, uchungu.

Kuhifadhi

Kopo likishafunguliwa hamishia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira kinachobana, ile iliyochemshwa ikakauka kabisa. Weka kabatini kwenye giza na ubaridi, siyo friji, siyo dirishani. Usiweke kipande cha tofaa au kiazi kama wengine wanavyoshauri, kinaleta ukungu, na kwa joto letu hili ukungu hauchelewi. Ukiona kitu cheupe juu ya tumbaku usikimbilie kutupa, angalia kwenye mwanga: kama kinameta kama chembe za sukari ni sawa na ni dalili nzuri, kama kina manyoya na harufu ya godoro lililolowa basi tupa yote.

Virginia inazeeka vizuri, miaka miwili mitano inazidi kuwa laini na nyeusi, ule ukali wa ndimu unageuka tende. Latakia yenyewe inatulia tu, moshi unapungua, kwahiyo kama unaipenda kwa kelele zake ivute mapema. Zenye vanila hazina cha kusubiri.

Bandika karatasi kwenye kila chupa na tarehe ya kufunga. Mimi nikinunua kopo la Virginia nagawa mara mbili, nusu ya kuvuta sasa na nusu inaenda kabatini, alafu siku nikiifungua ile ya zamani natafuta ukurasa wa siku ile kwenye daftari kabla ya kuwasha. Mwezi uliopita nilifungua moja ya miaka mitatu. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "majani makavu, ndimu, kali kidogo". Nilivyoinua kifuniko ilikuwa bani la babu asubuhi siku ya kufungua mlango, joto linatoka, majani yananing'inia ya njano juu mpaka chini, na yeye amesimama na blanketi begani anachagua moja la kutunusisha.